Wanja Juu ya Vichwa vya Askari

Baba alikuwa seremala wa Bongwe, na mzee mmoja wa Kizungu kule Diani alikuwa na ugonjwa wa ramani. Si ramani za njia, bali za vita: miji iliyozingirwa, mizinga, mahema, zote zimechongwa kwenye mabamba ya shaba zamani za kale na kupigwa chapa karatasini. Alimletea baba moja aitilie fremu. Ikimpendeza, zote zingekuja kwetu, na alikuwa nazo chumba kizima. Katika miaka hiyo ya hamsini kazi ilikuwa imekauka, kwa hiyo baba aliishika karatasi ile kama yai.

Karakana ilikuwa ikivuja, na masika yameanza. Baba akaitundika ramani sebuleni, akaenda Mombasa kutafuta kioo.

Sebuleni ndipo aliposwali bibi, mamake baba. Akaisogelea ramani, akafinya macho. "Kumbe si sisimizi hawa, ni watu!" Nyumba yenye picha za viumbe malaika hawaingii, na dawa yake kwetu ilijulikana: picha isiyo na kichwa haina roho. Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta na kijiti cha wanja, ameshaviziba vichwa vya majeshi yote mawili, la nje na la ndani ya ngome, anamalizia farasi. Haki yake nimpe, mkono haukumtetemeka.

Baba aliporudi, bibi alimpokea kwa bashasha. "Mwanangu, nimekusitiria nyumba yako."

Baba akaitazama ramani kitambo. "Ahsante, mama."

Mimi nikanung'unika moyoni. Ahsante ya nini?

Kesho yake nilifuatana na baba kuirudisha. Mzungu akauliza ni nani aliyefanya vile.

"Ni mimi, bwana," baba akajibu.

Mzungu akaichukua ramani yake, akaingia ndani, wala hakutoka tena.

Njiani nilishindwa kujizuia. "Baba, mbona hukumwambia ni bibi?"

"Ili aje amsimamishe mamangu, amhoji kama mwizi? Kazi itapatikana, inshallah."

Bibi alikuwa akitungoja mlangoni. "Haya, ameipenda?"

"Ameipenda sana, mama."

"Basi na azilete hizo nyingine. Wanja wangu ungalipo."

Baba akacheka naye, akaketi karibu yake. Mimi nilipitiliza hadi uani, nikalia.