Nywele za Aliyeshindwa

Mama alikuwa kitandani wiki ya tatu nilipoanza kumwonyesha mieleka ya wanawake wa Kijapani kwenye simu. Nataka ieleweke mapema kwamba sikufanya hivyo kwa wema. Akina mama wa kanisani waliokuja kumwombea walinikuta nimemwinamia, nimemshikia simu mbele ya macho, wakasema, Mungu akubariki, binti, unamliwaza mzazi. Nikaitikia amina. Pambano lile nilikuwa nimelichagua kama mtu anavyochagua fimbo.

Alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa shamba letu la majani chai, upande wa Nyamira, akipanda na mkungu wa ndizi ambao hakuna aliyemwomba aubebe. Nyonga ikavunjika. Hospitalini wakamtia chuma, wakamrudisha nyumbani na masharti: asikanyage chini, anywe vidonge kwa wakati, ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda. Kaka zangu watatu walipiga simu kutoka walikotawanyikia, wakasikitika sana, wakakata. Mimi ni binti pekee. Nikafunga kibanda changu cha mitumba pale soko la Daraja Mbili, nikamwachia jirani ufunguo, nikarudi katika nyumba ambayo niliapa kuitembelea tu wakati wa mazishi.

Sababu ya kuapa ni hii. Nilipokuwa kidato cha tatu, shule zilipofungwa mwezi wa nane, nilichuma majani chai ya watu hadi vidole vikawa vyeusi, nikaenda Kisii mjini nikasukwa rasta. Zilinifika mabegani. Sisi ni Wasabato, na katika kanisa letu la kijijini wakati ule, msichana aliyesuka rasta alitazamwa kama aliyejipaka damu ya mtu. Mama hakunigombeza niliporudi. Alinitazama Jumatano, akanitazama Alhamisi, akasubiri Ijumaa alasiri, siku ya maandalio ya Sabato, ambapo kila nyumba hutuma watu kisimani na njia inayopita mbele ya uwanja wetu hujaa. Hapo ndipo alipotoa kigoda nje. Alikata kwa mkasi wa kukatia nyuzi za magunia, kisha akamalizia kwa wembe, na wanawake wakasimama na mitungi yao kutazama. Wengine walicheka. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mimi nilinyolewa bila tone la maji, na mwenzangu wa kunionya hakuwepo. Kesho yake akaniketisha benchi la mbele kanisani.

Miaka ishirini na minne imepita. Hajawahi kulitaja jambo hilo, wala mimi. Lakini nililitaka neno moja kutoka kwake, kwamba alikosea, na nilimwona amelala pale mwenye umri wa miaka sabini na kitu, chuma kikiwa nyongani, nikajua kwamba nisipolipata sasa sitalipata tena.

Mieleka ile niliipata kibandani wakati wa mvua, siku ambayo hakuna mteja aliyepita. Ni pambano la zamani, picha zake zina chenga. Wanawake wawili waliochukiana kwa muda mrefu walikubaliana kwamba atakayeshindwa atanyolewa papo hapo ulingoni. Mmoja ni msichana mwembamba, mwenye uso wa mtu anayesoma kwa bidii, na ukumbi mzima umejaa wasichana wa shule wanaolia kwa ajili yake hata kabla hajaguswa. Wa pili ni jitu la mwanamke, kajipaka rangi usoni, ana mnyororo mkononi na wasaidizi wanaomfuata kama nzi. Nilipoona mkasi nilikaa chini juu ya marobota ya nguo, nikaitazama mara tatu. Nikawaza, huyu mama yangu lazima aione hii. Aione na aumie.

Siku ya kwanza alikataa. Kwetu nyumbani tunasema Ekegusii, na maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii yananichoma zaidi.

"Toa takataka hiyo," alisema. "Wamevaa nini hao? Hawana mama?"

"Wanao," nikasema. "Pengine ndio waliowafundisha kupigana."

Nikaiweka simu karibu na mto, kama niliyesahau kuizima, nikaenda jikoni kukoroga uji. Niliporudi alikuwa amejikunja shingo hadi mishipa imemtoka, anatazama.

Kuanzia hapo nikawa na rungu mkononi. Ukimaliza uji utaona. Ukimeza vidonge utaona. Nilimpa dakika tano asubuhi na dakika tano jioni, na ikifika mahali patamu nazima, nasema betri. Betri ilikuwa imejaa tele. Alikuwa akinitukana, kisha anafungua mdomo apokee kijiko. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nililelewa na yeye.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba angeielewa mieleka ile kuliko mimi. Nilidhani atamwonea huruma msichana. Badala yake alikuwa upande wa jitu. "Huyu anajua kazi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekagua majani chai ya mwenziwe na kukubali kwamba yamechumwa vizuri. Mtangazaji alikuwa akipayuka Kijapani, na mama akamziba kwa utangazaji wake mwenyewe. Sasa anamchosha mguu. Sasa anamwacha ainuke, unaona? Anamwacha kwa makusudi, watu wapate tumaini. Ukimpiga mtu ambaye hana tumaini, hakuna anayetazama.

Siku ya tatu akaniambia nirudishe nyuma. Jitu lilikuwa limembeba msichana juu kabisa na kumtupa chini kwa mgongo, ukumbi ukapiga mayowe, na mimi nilikuwa nimeshafumba macho.

"Rudisha. Tazama mkono wake wa kushoto."

Nikarudisha mara mbili ndipo nikauona. Wakati msichana anashuka, ule mkono mkubwa ulikuwa umekwenda nyuma ya shingo yake, ukaishika, na ukabaki pale hadi mgongo ulipogusa sakafu.

"Angetaka kumvunja angemvunja," mama akasema. "Anamlinda. Na yule mdogo naye amejiachia kabisa. Ungemwamini nani hivyo?"

Ilikuwa kweli, na ilikuwa nzuri, na ilinikasirisha kwamba yeye ndiye aliyeniwekea uzuri ule mbele ya macho. Tangu hapo sikuweza kuitazama mieleka ile kama zamani. Nilikuwa nikiona mikono tu: jinsi jitu linavyovuta mnyororo huku kidole gumba kimeingizwa ndani usikabe sana, jinsi msichana anavyopumua kabla ya kuanguka, jinsi wanavyonong'onezana vichwa vikiwa vimegusana, wale wawili waliochukiana mbele ya dunia nzima. Kila mmoja alikuwa na uhai wa mwenzake mikononi, na alikuwa akimrudishia kila baada ya dakika.

"Anayekuchukia kweli," mama akasema tena, akiangalia dari, "hawezi kukushika hivyo."

Nilijua anataka kunipeleka wapi, nikakataa kwenda. Wembe wake haukuwa na mkono nyuma ya shingo. Nikamwambia ni wakati wa kugeuzwa.

Ikafika Ijumaa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na kitu za pambano, na mama alijua, kwa sababu alikuwa amejifunza kuusoma ule mstari mwekundu chini ya picha. Tangu asubuhi aliniamrisha kutoka kitandani: pika mboga ya chinsaga ya kesho leo, toa majivu, piga viatu vyangu rangi. Viatu ambavyo haviendi popote, nikavipiga. Jua likizama Ijumaa, katika nyumba yetu, redio hufunikwa kitambaa na simu huzimwa hadi jua lizame tena Jumamosi. Sijawahi kumwona akiivunja sheria hiyo, hata siku baba alipofia hospitalini jioni ya Ijumaa na jirani akatuletea simu yake tuambiwe. Mama alimsikiliza kutoka mlangoni, hakuigusa ile simu aliyonyooshewa.

Kwa hiyo nilijikokota. Nilimwosha kiungo kimoja kimoja. Shuka moja niliikunja, nikaikunjua, nikaikunja upya. Nilimlisha polepole kama ndege. Alikuwa akitupa jicho dirishani, kwenye mikaratusi ya kilima cha ng'ambo, na mimi nilimwona anavyohesabu kimoyomoyo. Nilipowasha simu, jua lilikuwa limekaa juu ya miti.

Tuliona msichana akipigwa hadi damu ikamfunika jicho moja. Tuliona akitambaa kuzishika kamba. Refa akahesabu, ukumbi mzima ukahesabu naye kwa kilio, akafika kumi, msichana hakuinuka. Wasaidizi wakaleta kiti. Jitu likaupokea mkasi na kuuinua juu, wasichana wa shule wakaanza kukumbatiana.

Nikazima.

"Sabato imeingia, mama."

Kwanza alibisha kama wakili. Jua halijazama, limejificha tu nyuma ya ule mti mrefu. Saa yangu inakimbia. Nikamwambia sogea basi ukaangalie mwenyewe. Kisha akasema Mungu anaiona nyonga yake. Nikamwambia Mungu anatuona tangu tulipoanza kutazama Jumapili na hakusema kitu kuhusu mieleka. Chumba kilikuwa kinaanza kuwa na giza, na ni mimi niliyepaswa kuwasha taa, sikuwasha.

"Najua unachotaka," akasema.

Nikaigeuza simu kifudifudi mapajani mwangu.

"Unataka niseme nilikosea. Haya, nilikosea. Nimesema. Washa."

Kwa miaka ishirini na minne nilikuwa nimeliandalia neno lile mahali pa kukaa. Nilidhani nitalia. Nilidhani nitamshika mkono. Nilichosikia ni aibu, na chini ya aibu hasira mpya, kwa sababu alilitoa kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili apite mlangoni. Mtu mwenye akili angeinuka na kuondoka. Mimi niliudaka mfupa.

"Ulikosea nini?"

"Kukunyoa."

"Wapi?"

"Hapo nje."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wa kisimani. Siku ya Ijumaa. Nilikungoja hadi Ijumaa." Alikuwa akiyasema kama mtoto anayekariri fungu la Biblia, upesi upesi, macho yake yakiwa kwenye simu iliyo gizani mapajani mwangu. "Nilikosea, nilikosea, nilikosea. Washa, msichana wewe."

Nikawasha. Nje palikuwa tayari na giza, hakuna mti wa kubishania. Tulikuwa watu wawili tunaovunja Sabato kwa macho yetu, na ni mimi niliyemfikisha hapo, na nilitaka hivyo.

Sikuitazama simu. Nilimtazama yeye, mwanga wa bluu ukimcheza usoni. Niliyajua yanayotokea kwa masikio: kelele za wasichana, mkasi, kisha ile mashine ya kunyolea iliyowaka kama nyuki. Nikangoja. Nilikuwa nimelipata neno, nikawaza, sasa labda litamfikia na yeye mwenyewe aliyelisema. Atamwona msichana kwenye kiti, ameshikwa mabega, na kitu kitamvunjika ndani. Macho yake yalikuwa yamefunguka sana. Midomo ilikuwa ikitembea. Kisha nikaona mashavu yakipanda, na nikaelewa kwamba mama yangu anatabasamu.

"Amemaliza vizuri," akasema. "Hajaacha hata kishungi." Akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeshiba. "Na tazama vile ametulia. Sasa atakuwa na adabu."

Mstari mwekundu ulifika mwisho. Mama akafunga macho, akaikunja mikono kifuani kama anavyoikunja kanisani.

"Zima hiyo kitu," akaniambia. "Sabato imeingia."

Nikaizima. Ilikuwa saa ya kumgeuza. Hospitalini walitufundisha kwamba kwanza umwambie mgonjwa, uhesabu naye hadi tatu, kisha umgeuze mwili wote pamoja, taratibu, mkono mmoja begani na mwingine nyongani. Nikaweka mikono mahali pake. Sikumwambia, sikuhesabu. Nilimgeuza mara moja, kwa nguvu zangu zote, akapiga yowe lililosikika hadi kwa majirani, nami nikamwambia, "Pole, mama," nikamfunika shuka.