Godoro nililogawa

Mnisamehe mwandiko na makosa. Niliishia darasa la sita, na kuandika kunanitoa jasho.

Nilipata kazi ya kupika kwenye chombo cha matanga, kutoka Mombasa kwenda Komoro. Kwetu Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale huku Uganda, anayeitwa kwenda Amerika hugawa vitu vyake vyote, kwa sababu harudi. Nami nikagawa. Godoro nilimpa Mama Neema wa kwaya. Kanisa likaniombea, mama yangu akalia.

Bandarini nilipakia maji na mchele, nikapaka boti rangi. Asubuhi ya kuondoka mlingoti ukapasuka.

“Rudi kwenu, nitakupigia,” nahodha akasema.

Nirudi kwa uso gani? Niliishia Mbarara, mji ulio karibu na kambi, nikauza nyanya sokoni nikingoja simu ya nahodha. Mama nilimwambia tumeondoka, tunapita visiwani, ndiyo maana simu inashika. Kila alipopiga, nilijificha nyuma ya magunia.

“Mwanangu, maji iko mingi?”

“Mingi sana, mama. Mawimbi yanarusha sufuria.”

Jumamosi alipiga nikiwa napanga nyanya. Sikupata nafasi ya kukimbilia magunia. Nikainama, nikanong'ona kwamba upepo ni mkali. Nilipoinua kichwa, Mama Neema alikuwa amesimama mbele yangu na kikapu chake.

“Eeh! Kumbe kule bahari banauzishaka nyanya?” akapaza sauti, soko zima likageuka.

Kwenye simu mama akauliza polepole, “Ile sauti si ya Mama Neema?”

Wasomaji, niandikieni. Nitaliombaje lile godoro?