Kahawa ya Mgeni

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kununa. Mama yangu pale Buhembe husema nilizaliwa nimenuna. Basi siku niliyoshuka kwenye basi Izigo, begi mkononi na bango la herufi kwapani, sababu ya kununa niliipata upesi: mwalimu wangu mlezi hakunipa kahawa.

Kwetu Uhayani mgeni hukaribishwa kwa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna. Kikapu chake nilikiona juu ya kabati la sebuleni, kidogo, kizuri. Yule mama alikuwa amefundisha darasa la awali tangu kabla sijazaliwa, na chuo changu cha ualimu kilikuwa kimemwomba anisimamie wiki zote za mafunzo kwa vitendo. Nililala kwake pia. Alinitazama juu hadi chini, akanikabidhi kisu.

"Ndizi ziko jikoni, mwanangu. Menya."

Nikamenya. Nikanuna.

Shuleni mambo yakawa yale yale. Wiki nzima hakuniruhusu kufundisha. Nilifunga vifungo, nikafuta makamasi, nikakaa mkekani na watoto huku bango langu likipata vumbi. Nilipomuuliza nitaanza lini, naye akaniuliza, "Mtoto akitoka nje ya andalio lako la somo, utafanyaje?"

"Nitamrudisha."

"Basi kaa kwanza."

Mkufunzi wa chuo alipokuja kutoka Bukoba kunikagua, niliwarudisha wote. Mmoja alitaka kunionyesha kinyonga dirishani, nikamkalisha. Wawili wakaanza kulia. Nilifeli. Mkufunzi alifunga faili lake akasema atarudi mara moja tu, na nikishindwa tena, narudia mwaka mzima. Niliogopa hadi chakula kikanishinda. Na lawama nilimtupia nani? Mwalimu mlezi, bila shaka.

Asubuhi ya ukaguzi wa pili niligundua kwamba vizibo vya soda nilivyokusanya kwa ajili ya kuhesabia vilikuwa vimekwisha, vimeondoka kimoja kimoja katika mifuko ya watoto. Nikasimama mbele ya lile kabati. Nikafunua kikapu, nikamimina kahawa yote kwenye mfuko wangu. Hanipi, najipa.

Darasani nikawagawia buni tatu tatu. Mkufunzi akaingia, shikamoo zikapigwa, akaketi kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakikaribia kidevu. Kabla sijafungua mdomo, binti mmoja wa mbele, mwenye pengo, akamtazama mkufunzi, kisha akazitazama buni zake, akaniita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu mwalimu, mgeni hajapewa kahawa!"

Sikuwahi kumjibu. Alikuwa ameshanyanyuka, akapiga magoti mbele ya mkufunzi, akampa buni zake kwa mikono miwili. Wa pili akamfuata. Punde darasa zima lilikuwa kwenye foleni, na zana zangu zote za kuhesabia zilikuwa mapajani mwa mkaguzi. Nyuma kabisa, mwalimu mlezi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Rudini mkae!" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Kisha nikamwona yule binti, bado amepiga magoti, anasubiri kuona kama mgeni atatafuna. Nikaona aibu. Kati yetu sote mle ndani, yeye peke yake ndiye aliyejua la kufanya mgeni anapoingia. Nikakaa sakafuni kando yake.

"Mgeni wetu amepata ngapi? Tumsaidie kuhesabu."

Tukahesabu. Sauti zilipanda hadi ishirini, zikavuka kwenda Kihaya, zikarudi. Mkufunzi akatafuna moja, tukatoa moja. Akatafuna nyingine, wakapiga makofi. Mwishoni akaniuliza shughuli ile iko sehemu gani ya andalio langu. Nilitamani sana kudanganya.

"Haimo," nikasema. "Wameianzisha wao."

Akaandika mstari mrefu. Nilifaulu, ingawa kwenye sehemu ya zana aliandika kwamba zimeliwa.

Nyumbani nilirudisha kilichobaki, nikaungama. Mwalimu mlezi alisema alijua tangu asubuhi, kwa sababu kikapu nilikifunika vibaya. Ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza mbona siku ya kwanza hakunikaribisha.

Alinishangaa kweli. "Kahawa ni ya mgeni. Mimi nilikuwa namsubiri mwalimu mwenzangu."

Wiki zote zile nilikuwa nimenuna bure.

Siku ya kuondoka, bodaboda ikiwa imeshafika na begi langu likiwa mlangoni, alitoka sebuleni na kile kikapu. Akakifunua, akanielekezea kwa mikono miwili. Kahawa niliyoitamani tangu siku ya kwanza ndiyo hiyo, na macho yangu yakajaa machozi.

Sikuichukua. Nilimwambia kijana wa bodaboda asubiri, nikaingia jikoni kutafuta kisu cha kumenyea ndizi.