Mito Mitatu ya Mashua

Ijumaa, saa nne na robo asubuhi. Saa ya ukutani ya fundi ndiyo iliyosema hivyo, na baada ya hapo sikuangalia saa tena siku hiyo. Niliingia kibandani kwake Ruring'u kuchukua mito ya kukalia ya mashua. Kati ya minne, mitatu ilikuwa tayari, imevikwa turubai mpya ya kijani, mshono umenyooka kama wa kiwandani. Nikainua mmoja. Ulikuwa mzito kama mtoto aliyelala.

"Fundi, ndani kuna nini?"

"Matambara na maranda. Ile takataka yenu nyeupe nilitoa."

"Ukapeleka wapi?"

Akaonyesha kwa kidole cha mguu upande wa pili wa kibanda. Viti alishona mchana, majeneza alipigilia misumari jioni. "Niliwekea mzee wa juzi. Godoro na mto wa kichwa. Ati hiyo kitu ni laini! Huyo mzee hakulala hivyo hata siku moja akiwa hai." Akacheka mpaka akakohoa.

Sufi ya mashua ya baba, ile pamba nyepesi ya msufi, ilikuwa imezikwa.

Baba huendesha mashua katika bwawa la hoteli moja nje ya mji, akiwazungusha wageni wanaovua samaki. Na baba hajui kuogelea. Simjui mtu yeyote wa kwetu anayejua. Maji ya mlima mtu huyavuka akitetemeka, hakai ndani yake. Mzungu aliyeuza hoteli baada ya Uhuru alimwachia neno moja tu: mashua ikipinduka, kamata mto, pitisha mkono kwenye mshipi wake, uulalie kwa kifua. Sufi haizami. Baba alilishika neno hilo kama katekisimu.

Lakini turubai ilikuwa imeoza. Meneja wa sasa alimwambia kwamba mito isipokuwa safi kufikia Jumamosi, mashua itauzwa na yeye ataenda kulima bustani. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nikatumwa mimi. Fundi wa kwanza, mwenye duka la madirisha ya vioo mjini, alinicheka mbele ya wateja. "Mashua, Nyeri? Mnaenda nayo wapi, juu ya mlima?" Kisha akataja bei ambayo hata kuirudia niliona haya. Wa pili, kule Skuta, alinusa mto mmoja akasema hawezi kuingiza harufu ya samaki nyumbani kwake. Huyu wa Ruring'u alikubali mara moja, kwa bei tuliyoiweza, maana alitumia mabaki.

Baba alikuwa ameniagiza: "Mwambie abadilishe nguo ya juu tu. Ya ndani asiguse." Nami mbele ya wanaume wanaocheka maneno hunikwama. Nilisema, "Baba anataka mito mipya," nikakimbia. Ya ndani sikuitaja. Kosa ni langu, wala si la fundi.

"Huu mmoja ndio bado," fundi alisema, akiuvuta ule wa nne na kuinua mkasi.

Nilimnyang'anya ule mto. Mimi, ambaye darasani hujibu "niko" kwa sauti ya panya!

Baba alirudi alasiri. Aliikalia mito mipya mmoja baada ya mwingine, akitabasamu, akipapasa mshono. Niliona siwezi kusema, basi nikauchukua mmoja nikautia ndani ya pipa la maji ya mvua. Ulielea muda wa kusali Baba Yetu mpaka kwenye mkate wetu, kisha ukanywa maji, ukashuka.

Baba aliutoa, akaukamua. Akaangalia kama mama ametuona.

"Utakauka kufikia kesho," akasema.

"Baba, hauelei."

"Nimeona."

"Na ukianguka?"

"Nimeanguka lini? Wageni huikalia, hawaiogelei. Wewe unataka nikalime maua ya meneja? Funga mdomo, msichana."

Baba huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake. Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita msichana. Nilisimama pale mikono ikidondoka maji, nikashindwa hata kulia. Nilidhani ataogopa. Kumbe alikuwa anaogopa kitu kingine.

Asubuhi yake aliifunga mito mitatu nyuma ya baiskeli akaenda. Nilimfuata kwa miguu, ule wa nne nimeukumbatia, matobo yake nimeyaziba kwa sindano ya magunia. Nilipofika bwawani baba alikuwa bado anatoa makasia stoo, na meneja alikuwa barazani na chai yake. Mashua ilikuwa imefungwa kwenye gati ya mbao, mito ndani yake ikipendeza.

Sikumsalimu mtu. Niliingia mashuani, nikatupa mto wa kwanza majini. Wa pili. Wa tatu. Nikaanza Baba Yetu kwa sauti, nami sikujua kama nina sauti kubwa hivyo. Meneja alisimama, kikombe mkononi. Baba alisimama na makasia yake mabegani. Ule uliotangulia kulowa haukungoja hata mkate wetu. Mingine miwili iliufuata kabla ya amina.

Kisha nikauweka ule wa zamani mahali anapokaa baba, sufi ikichungulia kwenye mshono wangu mbaya, nikamwelekezea mshipi upande wa mkono wake.