Andazi Moja na Nusu

Tarehe sita ya mwezi wa tatu, katika hospitali moja ya Kampala, nilipoteza sehemu kubwa ya tumbo langu. Sikulipoteza kwa risasi, ingawa mwaka ule kwetu Uvira hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kawaida. Daktari aliliondoa kwa sababu nilikuwa mnene. Alinibakizia kipande chenye ukubwa wa ndizi moja, akashona, akaniambia nirudi nyumbani nikajifunze kula upya.

Unene ulianza na msiba. Mke wangu alikufa miaka miwili kabla ya hapo, kwa presha, si kwa vita. Matanga yalipokwisha nilijaribu kupika mwenyewe, na mkono wangu ulijua kipimo kimoja tu cha unga, kile nilichomwona akikipima miaka yote ya ndoa yetu: cha watu wawili. Nikapika cha wawili. Fungu lake sikuweza kulitupa, wala kumpa mbwa. Nililila. Kisha dada yake, shemeji yangu, anayekaa kiwanja cha pili, parsele kama tunavyosema, kutoka kwangu hapa mtaa wa Songo, akanihurumia, akaanza kuniletea sahani kila adhuhuri. Hivyo nikawa nakula cha watu watatu huku nimekaa kwenye cherehani kutwa nzima. Mimi ni fundi wa nguo. Utepe wangu wa kupimia ulipoacha kukutana kiunoni, nilisema ni mbovu, nikanunua mwingine.

Siku risasi zilipolia upande wa milimani na mtaa wote ukakimbilia ziwani, nilifika kona ya kwanza nikakaa chini. Pumzi zilikuwa zimekwisha. Shemeji ni mwanamke mfupi, mwembamba kama mwiko. Alirudi nyuma na toroli ya jirani mwashi, akaniambia niingie.

“Niache,” nikamwambia. “Wewe kimbia.”

“Ingia. Nikikufa leo, dada yangu ataniuliza nilikuacha wapi, na minye sitaki maneno naye.”

Alinisukuma mpaka ziwani. Gurudumu lilikwama mara mbili, na mara ya pili akasema hajapata kuona bugali inayokimbia vita. Habari hiyo ilimfikia binti yangu Kanada kwa simu siku ileile. Akanipigia.

“Papa, mama alikufa kwa presha. Weye uko na presha, uko na sukari, na sasa uko na toroli. Utaenda Kampala.”

Hapa nina jambo la kusema ambalo ninalionea haya hata leo. Majirani, na shemeji pamoja nao, niliwaambia naenda kutibiwa vidonda vya tumbo. Wiki niliyoondoka, watu wa Kamanyola waliokimbia vita walikuwa wakishuka na magodoro kichwani, wakilala kwenye madarasa, wakipita mlango kwa mlango kuomba kikombe cha unga. Baba mmoja na watoto wake watano walikuwa wamekaa katika jiko langu la nje. Ningemwambiaje mtu huyo kwamba naenda kukatwa tumbo kwa sababu chakula kimenizidi? Nikasema vidonda. Kila mtu anaelewa vidonda.

Nilirudi na masharti. Binti yangu alinisomea kwa simu, nami nikayaandika nyuma ya kalenda: Samaki kwanza. Mboga baadaye. Bugali mwisho, ikiwa nafasi iko. Tafuna mpaka chakula kisahau kilikuwa nini. Usinywe maji ukila. Sukari acha kabisa. Karatasi niliificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Nafasi ya bugali haikuwako. Ndagala sita, dagaa wa ziwa letu, majani kidogo ya lengalenga, na tumbo lilikuwa limefunga mlango. Nikiongeza moja, linapiga kwikwi. Nikiongeza ya pili, vyote vinarudi vilikotoka. Na shemeji aliendelea kuleta sahani ileile ya zamani, bugali kama kichwa cha mtoto, maana kwake mtu aliyetoka hospitali alihitaji kurudishiwa nguvu.

Nilipaswa kumwambia. Lakini kwetu kukataa chakula cha mtu si jambo dogo. Ukisukuma sahani, umemwambia mwenye kuipika kwamba unauogopa mkono wake. Kwa hiyo nilikula vipande vyangu sita polepole, na akishaondoka nilitoka nyuma, nikaipitisha sahani kwenye mlango wa jiko kwa yule baba wa Kamanyola. Ilirudi imelambwa. Shemeji aliiona ni nyeupe, akafurahi, kesho yake akaongeza.

Basi fikirini mtaa uliona nini. Mtu anakula kila siku sahani iliyojaa, kutoka mkono mmoja, na kila wiki anakonda. Suruali zangu nilizipunguza, nikazipunguza tena, mpaka mifuko miwili ya nyuma ikakutana katikati. Mashavu yalianguka. Watu walianza kunisalimu kwa sauti ya chini, jinsi wanavyowasalimu wagonjwa.

Jambo lililoharibu kabisa ni chai. Siku moja shemeji alikuja na chai ya maziwa, sukari vijiko vitano, jinsi nilivyoipenda zamani. Mama makala, jirani yetu anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwenye kona, alikuwa amekaa hapo akingoja blauzi yake. Mbele ya watu wawili sikuweza kukataa. Nilikunywa nusu kikombe. Baada ya dakika chache moyo ukaanza kukimbia kama wa mwizi, jasho likanitoka mpaka kwenye vidole, nikalala chini kando ya cherehani. Tumbo lililokatwa halipatani na sukari, nilikuwa nimeonywa. Shemeji alinipepea na khanga. Mama makala alitazama kikombe, akanitazama mimi, akachukua blauzi ambayo ilikuwa bado haina mkono mmoja, akaenda zake.

Shemeji alikuwa anauza mandazi barabarani, na watoto wa marehemu mwanawe, wajukuu wawili, waliishi kwa mandazi hayo. Wiki ile beseni lilianza kurudi nyumbani limejaa. Mimi sikujua sababu mpaka mteja wangu mmoja, huku nikimpima mabega, aliponinong'oneza.

“Baba fundi, hama hapa. Huyu mama anataka parsele yako. Banasema kila kitu anachokupatia kiko na dawa.”

“Nani anasema?”

“Bantu ba mutaa.”

Kwetu mtu akiitwa mulozi, mtu wa kutilia wengine sumu, maneno hayaishii kwenye maneno. Nimeona nyumba ikichomwa kwa ajili hiyo, na aliyekuwa ndani hakuwa na kosa. Nilijua ninachopaswa kufanya. Nilipaswa kusimama na kusema: nimekatwa tumbo. Badala yake nilitafuta njia itakayomwokoa shemeji na kuniokoa mimi na haya yangu. Niliamua kula mandazi yake hadharani.

Nilichagua Jumapili, watu wanapotoka misa. Nilikwenda mpaka kwenye beseni lake, nikakaa kwenye kigoda mbele ya barabara yote.

“Nipe mandazi kumi,” nikasema kwa sauti.

Shemeji alinitazama. “Uko sawa?”

“Nina njaa.”

Watu wakasimama. Andazi la kwanza nilitafuna kama karatasi ilivyoagiza, na wakati nikitafuna nilitabasamu. Mtu mmoja akasema, “Anakula,” kwa sauti ya yule anayetangaza mpira. Nikachukua la pili. Nilipofika nusu yake niliona kwikwi inakuja. Nilisimama ili nionekane nimeshiba kwa hiari yangu, na hapo ndipo yote yalipotoka, pale pale, juu ya viatu vyangu vya misa.

Kisha mama makala akasema, wala hakupaza sauti, “Mumeona sasa?”

Beseni lilipigwa teke. Mandazi yalibingirika mpaka mferejini. Niliona mtu akiinama kuokota jiwe, na shemeji akiwa amesimama na kijiko chake cha kugeuzia, hakimbii, ananitazama mimi tu, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Na kweli nilikuwa nalo.

Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, alikuja akisukuma watu. Ni mtu mzima, hana haraka. “Nani anamushitaki nani hapa?”

“Mimi nina neno,” nikasema, nikiwa bado najipangusa mdomo. “Hakuna sumu. Kampala walinikata tumbo.”

“Vidonda, tunajua,” akasema shefu.

“Si vidonda. Walinikata kwa unene. Walitoa tumbo kubwa, wakaniachia dogo, ili nisile sana. Chakula kikizidi kinarudi. Mandazi hayana kosa.”

Shefu alifikiri. “Kwa hiyo kule iko mahali muntu analipa ili asikule?”

“Ndiyo.”

“Hapa iko bure,” akasema mtu nyuma, na watu wakaanza kucheka. Mkono ulioshika jiwe ulishuka.

Mama makala hakucheka. “Onyesha kidonda.”

Nilifungua shati mbele ya waumini wote. Siku hizi hawapasui, wanatoboa. Nilikuwa na alama tano ndogo, kila moja kama ukucha.

“Hizo?” akasema. “Tumbo zima ilipita mu hizo? Hata panya ikikuluma inaacha alama kubwa kuliko hii. Baba fundi, weye ni muntu muzuri, unamufichia shemeji yako.”

Nilianza kueleza habari za mirija na kamera, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwongo. Hapo baba wa Kamanyola akanyanyua mkono, kama mwanafunzi.

“Chakula ya huyu mama,” akasema, “ni minye nilikuwa nakula. Minye na watoto. Kila siku, miezi tatu. Fundi alikuwa anatupitishia nyuma.” Akajitazama tumbo, ambalo kwa kweli lilikuwa limeanza kuota. “Kama ni sumu, iko inanenepesha.”

Hiyo ndiyo iliyomaliza shauri. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, shefu akasema kila mtu aende kwake, na mtu aliyelipiga beseni teke akasaidia kuokota mandazi.

Shemeji hakucheka. Alingoja watu wapungue, akaja akasimama mbele yangu.

“Miezi tatu,” akasema. “Wajukuu wangu balilala njaa. Minye nilikuwa mulozi, juu ya weye kusikia haya?”

“Ndiyo,” nikasema. Halikuwapo neno lingine la kweli.

“Na nilikusukuma na toroli.”

“Ndiyo.”

Aliinua beseni, akaenda.

Hakuniletea tena chakula. Nilijifunza kupika cha mtu robo: yai moja la kuchemsha, ndagala, maharagi yaliyopondwa. Karatasi niliitoa kwenye droo, nikaipigilia ukutani. Nilimshonea kitambaa kipya cha kufunikia mandazi, nikakipeleka. Alikipokea kupitia kwa mjukuu. Wateja wawili watatu walirudi. Wengine walingoja waone kama waliorudi wataamka salama. Mama makala alikuwa akivuka barabara akilikaribia beseni, akipita upande wa pili.

Mwezi uliofuata risasi zilirudi, safari hii karibu, na barabara ya ziwani ilikuwa imefungwa. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma. Nyingi za jirani ni mbao. Baba wa Kamanyola aliingia na watoto wake kutoka jikoni. Shemeji aliingia na wajukuu wawili, mikeka na sufuria, bila kunisalimu. Baadaye kidogo mlango uligongwa, nikafungua, akaingia mama makala na gunia lake nusu, akaenda kukaa pembeni, mgongo ukutani.

Tulikaa humo siku mbili. Siku ya kwanza adhuhuri, shemeji alipika bugali, maharagi na ndagala, kwa makala ya mama makala, kwa sababu mengine hayakuwako. Aligawa. Watoto kwanza, kisha baba wa Kamanyola. Mimi alinipa kisahani cha kikombe cha chai: ndagala sita, maharagi kijiko kimoja, bugali hakuna. Nilihesabu. Zilikuwa sita kamili, ingawa idadi hiyo sikuwa nimemwambia kamwe.

Sahani ya mwisho alimnyooshea mama makala. Desturi yetu ni kwamba mpishi huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ale bila wasiwasi. Shemeji hakuonja. Alishika tu sahani, mkono umenyooka, na akangoja. Hata watoto waliacha kutafuna. Mimi nilikuwa na kipande mdomoni, nilichokwisha kukitafuna zaidi ya masharti, na sikuthubutu kukimeza.

Mama makala aliitazama sahani, akautazama mkono. Akapokea, akamega bugali, akachovya, akala. Alikula mpaka nusu bila kuinua macho.

“Maharagi imekosa chumvi,” akasema.

“Chumvi iko dukani,” shemeji akamjibu, “na duka iko imefungwa.” Akachota upawa mwingine, akamwongezea.