Royston na Karavani Isiyo na Waya

Mume wa dada yangu anaitwa Royston Ormerod. Ukiwahi kuingia duka la vigae kule Burnley kununua vigae vya bafuni, ukatoka umebeba vya rangi uliyoichukia, basi aliyekuuzia ni yeye. Si mtu mbaya. Hapigi mtu, haibi, halewi kupita kiasi. Ugonjwa wake ni mmoja tu, ujuaji. Daktari wa meno akimwambia apanue mdomo, Royston ataupanua ili kwanza amfundishe namna ya kushika koleo.

Ujanani alipiga ngoma katika bendi ya vijana wa mtaani kwao. Bendi ile iliishi kiangazi kimoja. Ilialikwa kwenye harusi ya binamu yake, na bibi harusi mwenyewe akaomba waache kabla keki haijakatwa. Tangu hapo, redio ikifunguliwa tu, Royston hufumba macho na kusema, "Sisi wanamuziki tunasikia vitu ambavyo nyinyi hamvisikii." Dada yangu Thelma ameyasikia maneno hayo tangu aolewe, huku akikunja nguo.

Thelma ni mpishi kwenye shule ya msingi. Ni mtu wa maneno machache. Kitu kimoja alichokipenda tangu usichana ni sauti ya Dilys Fanshawe, yule mama wa nyimbo za mashambani mwenye gitaa la kamba zilizolegea. Basi mwaka ule ikatangazwa kwamba Dilys ataimba kwenye tamasha la Hawkrigg, kule malishoni juu ya mji wa Settle. Thelma akaja kwangu mbio, bado amevaa aproni ya kazi.

"Avril, twende mimi na wewe. Tuchukue lile hema la watoto, tulale chini, tule chipsi mpaka tuugue."

"Hata kesho niko tayari," nikamwambia.

Alichokosea ni kumwambia mumewe.

"Mke wangu alale chini kama kondoo?" Royston akafoka. "Haiwezekani. Mtaniachia mimi hiyo safari. Nitakodi karavani, nyumba nzima juu ya magurudumu."

"Baba watoto, hema linatosha. Tulitaka kwenda sisi wawili tu."

"Nyinyi wawili mtajua nini porini? Na sitaki uwanja wa wenye umeme, ule ni wa wagonjwa. Tutajitegemea. Betri yetu, maji yetu, choo chetu. Hakuna waya wa mtu."

Hivyo ndivyo safari ya dada yangu ilivyogeuka kuwa ya mumewe, na mimi nikawa mzigo wa kiti cha nyuma.

Mwenye karavani aliitwa Kershaw, mzee mnene mwenye haraka zake. Alijitolea kuikokota mpaka uwanjani na kutupangia kila kitu, lakini Royston alicheka kama mtu aliyetukanwa. Kershaw akaanza kueleza: friji ibadilishwe itumie gesi mkifika, paa liwekwe juani kwa sababu sola iko juu, miguu ya karavani ikunjwe kabla ya kuondoka, tangi la choo limwagwe kila siku.

"Najua, najua," Royston akawa anasema kabla sentensi haijaisha. "Mimi nimekulia haya mambo."

Amekulia ghorofani, juu ya duka la viatu. Kershaw akamtazama, akamtazama dada yangu, akamkabidhi funguo dada yangu.

Tulifika Hawkrigg Alhamisi mchana. Malisho yalikuwa yamejaa mahema ya kila rangi, watu wamevaa gambuti na kofia za ajabu, watoto wamepakwa rangi usoni. Royston alizunguka uwanja mzima akitafuta mahali panapomstahili, akapapata chini ya miti mikubwa yenye kivuli kizito. Jirani yetu alikuwa mjane kutoka Stoke, Winifred Bloor, aliyekaa mbele ya hema kuukuu la turubai, kubwa kama ghala, akichemsha chai kwenye jiko dogo la gesi.

"Karibuni jamani," akasema Winifred. "Lakini wewe mwanangu, hiyo sola yako umeiweka kivulini. Itakula nini?"

"Mama, teknolojia ya siku hizi haihitaji jua," Royston akamjibu, halafu akatugeukia na kunong'ona kwa sauti ambayo hata ng'ombe wa upande wa pili waliisikia, "Unaona watu wanavyoishi? Turubai! Kama wakimbizi."

Winifred akaendelea kukoroga chai yake.

Ijumaa asubuhi ndipo tulipogundua alichokuwa amekificha kwenye buti la gari: mashine yake ya kahawa, ile ya kusaga, kuchemsha na kupuliza maziwa. Alikuwa amenunua na inveta ya kuiunganisha na betri. Akatutengenezea vikombe vitatu, na kila kikombe taa za karavani zilififia zikawa kama macho ya mtu anayesinzia.

"Royston, hizi taa," Thelma akasema.

"Ni hali ya hewa."

Baada ya hapo akatengeneza vingine vya kuwapa wapita njia, apate kuwaeleza habari za kujitegemea. Na friji? Friji ilikuwa bado inanyonya betri ileile, imejaa bia na soseji na jibini, kwa sababu maneno ya Kershaw yalikuwa yamemwingilia sikio moja yakatokea la pili. Kabla ya chakula cha mchana inveta ikapiga kelele kama panya aliyebanwa mlangoni, na kila kitu kikazima. Taa, friji, pampu ya maji, maji ya kusukumia choo. Ukifungua bomba linakohoa tu.

Usidhani Royston alinyamaza. Kwanza alilaumu mawingu. Kisha akamlaumu Thelma kwa kuchaji simu. Mwisho akanigeukia mimi.

"Shemeji, uliwasha taa ya bafuni?"

"Niliwasha, shemeji. Nilitaka kuona ninakokalia."

"Ndiyo hiyo! Hiyo ndiyo imetumaliza."

"Basi taa moja ya bafuni ina nguvu kuliko kiwanda chako cha kahawa?"

"Nyinyi hamwelewi umeme," akasema, akaingia chini ya karavani na bisibisi. Akatoka na tope kichwani, bisibisi hana.

Mimi na Thelma tukaenda kwa Winifred. Tulinywa chai nzito yenye maziwa mengi, tukala mayai na maharage ya kopo, tukatumia vyoo vya tamasha kama binadamu wengine. Royston hakutaka. Vyoo vya umma, alisema, ni vya watu wasiojipanga. Aliendelea kutumia cha kwake, akisukuma kwa maji ya chupa, na kwa kuwa betri imekufa, ile taa nyekundu ya kuonya kwamba tangi limejaa haikuwaka. Jumamosi ukipita karibu na ile karavani unajua. Soseji nazo zilikuwa zimeanza kutoa mchango wao.

"Limwage tangi, baba watoto," Thelma alimwambia. "Pa kumwagia ni pale chini tu, karibu na geti."

"Mimi? Nimelipia huduma. Kershaw atakuja kumwaga, na atakuja na betri mpya."

Akampigia Kershaw. Sisi tulisikia upande mmoja tu, lakini ulitosha. "Unasemaje si kazi yako? … Hapana, nilikusikiliza vizuri sana! … Nitakungoja hapa hapa, sitoki!"

Na kweli hakutoka. Jumamosi alasiri, saa ya Dilys Fanshawe, dada yangu alisimama mlangoni amevaa lile gauni la maua alilokuwa amelificha chini ya sweta.

"Royston, anaanza. Twende."

"Kershaw akija asinikute?"

"Kershaw haji."

"Nendeni nyinyi. Mimi nitamsikia kutoka hapa. Mwanamuziki halisi hahitaji kuona."

Hakusikia kitu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kuja kwetu, na sisi huko mbele hatukumkumbuka. Dilys alipanda jukwaani, mama mzee wa nywele nyeupe, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaimba. Thelma alilia kwenye wimbo wa kwanza, akacheka kwenye wa pili. Wa tatu ulipoanza alivua gambuti, akacheza pekupeku topeni, mikono juu, gauni limeshikamana na miguu. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku ya harusi yake. Siku ya harusi yake Royston alikuwa anaielekeza kwaya.

Tuliporudi, bwana mkubwa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya karavani na kopo la bia vuguvugu.

"Alikuwaje?" akauliza.

"Mzuri," Thelma akasema, akachukua mto wake na blanketi, akaenda zake kwenye turubai la Winifred. Nami nikachukua wangu.

Jumapili asubuhi Royston akafanya uamuzi wa kiume. Kwa kuwa Kershaw hakuja, na kwa kuwa mtu wa cheo chake hawezi kubeba tangi la choo mbele za watu, ataikokota karavani nzima mpaka getini alimwagie huko huko. Akalirudisha gari kinyumenyume, akaifunga karavani kwenye kulabu, akapiga moto. Miguu minne ya karavani ilikuwa bado imesimama ardhini.

Winifred alipiga kelele, "Miguu, mwanangu! Miguu!"

Akampungia mkono kama mfalme.

Ile miguu ya chuma ilichimba malisho kama plau. Karavani ikaenda ikiruka kama mbuzi, mlango ukafunguka, vikombe vikatoka, kisha mashine ya kahawa, kisha soseji moja baada ya nyingine. Ilipofika kwenye njia nyembamba ya kutokea uwanjani, mguu mmoja ulipinda, karavani ikalala upande katikati ya njia, na likasikika pu! Lilikuwa tangi. Sitaeleza zaidi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya mkate walirudi nyuma wote pamoja bila kuambizana. Halafu wakapiga miluzi na makofi.

Njia ilikuwa hiyo moja tu. Trekta ikaitwa. Nyuma ya karavani magari yakajipanga, na la kwanza lilikuwa gari dogo lililochakaa, lenye gitaa kiti cha nyuma. Mlango ukafunguliwa. Dilys Fanshawe akashuka, amefunga kitambaa kichwani, akaangalia ule uharibifu, akaziba pua.

Sisi tulikuwa tumesimama ukingoni. Thelma alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa.

"Jamani," Dilys akamwuliza, "ni ya nani hii karavani?"

Dada yangu akamtazama mumewe aliyekuwa anamfundisha dereva wa trekta namna ya kuendesha trekta. Akamgeukia Dilys.

"Mimi simjui," akasema. "Ila namwonea huruma mkewe."

Dilys alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaomba asaidiwe kuvuka tope akanyooshe miguu upande wa pili, akaweka mkono begani kwa Thelma, wakavuka wakiongea polepole. Waliongea nini, Thelma hajanieleza mpaka leo, na sijamuuliza mara ya pili.

Royston alipomwona nani yuko pale, alikuja mbio, suruali imelowa mpaka magotini kwa kitu ambacho hakikuwa maji.

"Mama Dilys! Mimi Royston. Mimi pia ni mwanamuziki."

Dilys akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Pole," akasema, akarudi garini.

Thelma hakupanda gari la mumewe. Tulirudi Burnley na Winifred, aliyezunguka njia ndefu kwa ajili yetu, tukiimba vibaya na madirisha wazi. Royston alifika baadaye, nyuma ya gari la kuvuta magari mabovu. Kershaw alimdai fidia ya karavani yake, wakavutana wee, mwishowe Royston akalipa.

Ungedhani aibu ile ingemfunga mdomo. Wapi! Kwenye baa ya mtaani kwao anasimulia hivi: alimsimamisha Dilys Fanshawe njiani, wakazungumza mambo ya muziki, na Dilys akamwambia kwamba anasikitika bendi yake ilivunjika. Wapo wanaomwamini, maana walevi ni watu wavumilivu. Kiangazi kilichofuata alinunua karavani yake mwenyewe, kuukuu, akaiegesha mbele ya nyumba. Inapata umeme kwa waya mrefu unaotoka dirisha la jikoni. Wikiendi analala humo na kuwaeleza wapita njia faida za kujitegemea, huku amekanyaga waya.

Thelma sasa ana chumba cha kulala cha peke yake. Kila mwaka mimi na yeye tunakwenda Hawkrigg, kwenye turubai la Winifred, na Royston haulizwi. Juzi jirani mpya alibisha hodi akimtafuta mwenye nyumba.

"Hayupo," Thelma akamjibu. "Amekwenda porini." Akafunga mlango, akaendelea kumenya viazi.