Sahani ya Baraka

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote si ya maua wala ya mvua. Ni ya mafuta ya mawese yaliyochacha katika sahani ya bati, imefunikwa kifudifudi juu ya kichanja cha mama. Kaka yangu Baraka alikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sahani hiyo asubuhi aliyoingizwa jandoni, kijijini kwetu Buleusa, msituni, na mama hakuiosha. Ndivyo ukoo wetu ulivyofanya. Mvulana akiingia porini, sisi wa kike tuliambiwa kwamba mnyama amemmeza. Siku mnyama atakapomtapika, atatoka na jina jipya, na chakula chake cha kwanza atakila katika sahani ileile, juu ya mabaki ya utoto wake. Mama akiiosha mapema, amemfuta mwanawe. Niliamini kabisa kwamba mnyama huyo yupo. Radi iliponguruma ng'ambo ya mto nilijua ndiye, nikamwonea kaka wivu.

Wavulana walikuwa bado porini risasi zilipoanza kulia, na kijiji kizima kikakimbia. Mama aliacha mbuzi, akaacha godoro, akabeba sahani. Huko Mweso, tulikokimbilia, tulipokelewa katika ua wa mama mmoja muuza maharage. Milima ya Masisi ilikuwa na baridi tusiyoijua msituni, lakini hata baridi ile haikuizuia sahani kunuka.

“Mama Baraka, uko unafuga panya?” mwenye ua alimtania, ameziba pua kwa kitenge.

“Iache vile iko. Iko na mwenyewe.”

“Eh, dada! Asiyekuwepo na lake halipo.”

Mama aliigonga sahani kwa ukucha, ikalia. “Lake njo hili.”

Msimu ule wote wa maharage niliishi nikisikiliza mlango. Kisha, mchana mmoja wa soko, akaingia uani mzee niliyemfahamu, mlinzi wa wavulana kule jandoni, anachechemea. Hakukubali kiti. Alisema watu wenye bunduki walivamia kambi, wakawatwika mizigo wavulana ambao vidonda vyao havijakauka, wakatokomea nao.

“Balibabeba bote, mama. Na Baraka.”

Mama akamuuliza, “Njo ule munyama mulituambiaga?”

Mzee akainamisha kichwa. Hata siku ile hakuivunja siri ya wanaume. “Hapana, mama. Ule wetu anatapikaga.”

Leo mimi ni mwandishi, na riwaya yangu ya kwanza inamhusu kijana aliyemezwa na mnyama wa msituni. Wenzangu wa fasihi huichambua kwa furaha: mnyama ni ishara ya kukua, tumbo lake ni kizingiti kati ya utoto na utu uzima, jina jipya ni ushindi. Wananikumbusha kwamba hadithi ya namna hii humpeleka shujaa mbali ili imrudishe nyumbani. Kwa ufundi, wamesema kweli. Nami nilimrudisha. Katika sura ya mwisho anatoka msituni alfajiri, mrefu, ana kovu begani, na mbwa wa kijiji wanamtambua kabla ya watu. Nililia nilipoiandika, nikadhani nimemaliza.

Nikaenda Mweso kumsomea mama sura hiyo. Alisikiliza mikono ikiwa imetulia mapajani, kama anavyosikiliza kanisani.

“Amefika,” alisema. “Sasa, amekula?”

Sikuwa nimeandika chakula. Nimejaribu tangu hapo. Namketisha kijana mkekani, naleta sombe, naleta ugali wa muhogo, lakini kila nikifika kwenye sahani kalamu inakataa, kwa sababu akishakula itabidi mtu aioshe. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hawakusema subira ikiisha meno ivute kwa kitu gani. Utotoni niliipita sahani ile nimeziba pua. Juzi, mama alipotoka kuteka maji, niliifunua, mabaki yamekauka humo bila kuoshwa, nikaisogeza usoni, nikavuta pumzi hadi mbavu zikauma. Hainuki chochote.